Joho Limebaki kwa Salma

Kilosa, Jumanne usiku

Nisamehe, daftari langu, tangu niapishwe udiwani sijakuandikia hata mstari. Nachoka.

Leo nilipaswa kusimama barazani kuiombea kisima zahanati ya kata yetu, maana wazazi wanakwenda kujifungua na ndoo za maji kichwani. Nafungua begi, joho hamna. Nikakumbuka: jana alfajiri naondoka Mikumi, mwanangu Salma kalala kajifunika nalo, sikuwa na moyo wa kumvua. Na bila joho mwenyekiti hampi diwani nafasi ya kusema.

Mzee Kondo, diwani wa siku nyingi, akavua lake. "Vaa, binti. Mimi wamenisikia vya kutosha."

"Litaburuza, baba."

"Liburuze, mradi maji yaje."

Nikasema, vidole havionekani kwa urefu wa mikono. Wakacheka, kisha wakakipitisha kisima. Nimefurahi mno, ila naogopa Salma asije akazoea kukaa bila mimi...

Nimpigie Mama, aliyebaki na Salma, anitumie kwa basi la asubuhi kandambili, chaja na dawa yangu ya kifua. Pipi Salma asipewe, hata akilia. Joho aachiwe. Kesho baraza likiendelea nitapokezana tena la mzee.