Vigingi vya Barabara

"Kemuma, nani amehamisha vigingi vya barabara?"

Benter, hilo ni swali ambalo mama mkwe wangu aliulizwa na jirani yake Bosibori, mwaka 1953. Leo watu wa wizara ya barabara wamekuja kupima upya hapa kwetu. Mama akaviona vigingi, ndipo akanisimulia.

Vigingi vya serikali ya Mzungu vilipita juu ya kaburi la mumewe. Kaburi lenyewe hata halijakauka! Alfajiri moja akaving'oa, akavisogeza hatua kumi hadi kwenye migomba ya Bosibori. Akapiga magoti akamshukuru Mungu. Akamshukuru Mungu, Benter!

Unajua Wagusii wa zamani hawakujengea makaburi. Walizika, baadaye wakalima juu yake. Kemuma alikuwa ameolewa juzi tu, hakujua kwamba chini ya migomba ile wamelala mapacha wa Bosibori.

Vibarua wakachimba. Bosibori akaokota mifupa midogo, akaiweka kwenye ungo, akaja nao hadi nyumbani kwa Kemuma kuuliza.

Angeweza kusema ni Wazungu. Hakuna aliyemwona. Lakini aliutazama ule ungo, akasema kweli.

"Ni mimi, dada. Niliona migomba tu."

"Migomba tu?"

"Migomba tu."

Kemuma akavua leso yake, akampa. Bosibori akawafunika wanawe, akainua ungo, akatoka.