Bosi Asiyejua Kusema Hapana

Mwenzangu, uko? Acha unachofanya unisikilize.

Si unakumbuka bosi aliniahidi usimamizi wa kiwanda cha mikate? Leo nimeingia na koti langu jipya, limeandikwa Msimamizi Mkuu. Namkuta yule mama wa mauzo kavaa lake. Msimamizi Mkuu!

Kumbe naye aliahidiwa!

Tukamvamia ofisini. "Msimamizi ni nani?" Akatabasamu mpaka jasho likamtoka. "Nyote mnanifaa." NYOTE!

Mara mwokaji kaja kuuliza kama mikate itolewe tanurini. Yule mama akasema itoke. Mimi nikasema bado. Mwokaji akamgeukia bosi. Unajua alijibiwa nini? "Wote wako sahihi."

Sasa afanyeje? Akatoa nusu, akaacha nusu. Sisi huku tunagombania cheo. Ya yule mama mibichi, yangu makaa. Usinicheke!

Tukamwekea bosi yote mezani. Nikamwambia, "Haya, leo utachagua."

Akamega huku, akamega kule, akatafuna kama anasaga kokoto. "Yote mizuri."

Na akameza, mwenzangu. Akameza! Halafu akatutabasamia wote wawili sawasawa, meno meusi tii.