Mwalimu Tadea Amejitoa Kwenye Grupu

Mpendwa mshauri, shikamoo. Naomba unisaidie maana nimekwama.

Mimi ni mwalimu wa michezo huku Namswea na ndiye admini wa grupu la WhatsApp la walimu wa michezo wa Mbinga na Nyasa, nililianzisha tufundishane, mtu anarekodi kipindi chake anatuma, wengine wanamkosoa au wanaiga, na kweli lilichangamka, ila zikaanza salamu za asubuhi, miche ya kahawa inauzwa, misiba, mpaka video ya kuruka juu unaitafuta huioni, nikachoka nikalifunga, anayeandika ni mimi tu, wengine wanitumie inboksi nichuje. Ndipo mwalimu Tadea wa Chiwanda, kule ziwani, tunayemtegemea sana kwani anafundisha darasa zima kwa mpira mmoja na hakuna mtoto anayekaa bure, akaniandikia kuwa amefiwa na mama yake, niwatangazie wenzake. Nikamjibu, "Dada, hili ni grupu la michezo tu, nikikuruhusu wewe wataleta wote." Akazika bila hata mmoja wetu kufika. Baadaye akajitoa, walimu wa ziwani wakamfuata, na waliobaki hawatumi video, natuma mimi wananiwekea dole. Nimemuunganisha tena, anatoka. Sheria niliitangaza mapema na wote waliikubali. Nifanyeje arudi, grupu lisife?

Admini, Namswea

Marahaba, mwalimu.

Kuchoshwa na salamu na miche nakuelewa, hata simu yangu imejaa hayo. Lakini wewe ni mtu wa huku, unajua kabisa msiba si tangazo la miche. Tadea alikaa msibani majirani wakimuuliza, "Walimu wenzako wako wapi?" Ulitaka awajibu nini? Na nani atakuonyesha kipindi kilichomharibikia, kama anajua hutakuja kumzikia mama yake? Ndiyo maana video zimekauka.

Acha kumuunganisha kwa nguvu. Waandikie wote leo, ukiri ulichofanya, na sheria usiitaje. Fungua grupu, weka admini wa pili kutoka ziwani, biashara na salamu ziwe na grupu lake, msiba utangazwe popote. Jumamosi panda gari uende Chiwanda na wenzako, mbebe unga na rambirambi. Usimwombe arudi. Akitaka atarudi mwenyewe.

Barua yako nimeisoma mara mbili. Umenieleza sheria, video, hadi dole. Mama yake Tadea aliumwa nini, hujaandika, na nadhani hujui. Ukifika, anza kwa kumuuliza hilo.