Kromosomu ya Arobaini na Saba

4 Februari

Mwanangu mpendwa,

Hujambo huko darajani? Kazi ya kuchomelea vyuma haijakuunguza? Sisi huku wazima, tena wazima wa kuringa, maana tangu juzi mimi ni bibi! Mkeo amejifungua salama, mtoto wa kike, nywele nyingi utadhani za kuazima. Cherehani nimeifunika. Wateja wanagonga, nawaambia magauni yao hayaozi, kwanza waingie wamwone mjukuu wangu.

Daktari amemtazama macho na viganja, kisha akachukua damu kidogo ya kupeleka maabara. Anataka kuhakikisha jambo fulani. Nikamwambia hakikisha tu, baba, utakuta uzuri mtupu.

Kwa vile simu huko haishiki, barua hii nampa dereva wa lori la saruji.

Mama yako

15 Februari

Shikamoo mama,

Ni matumaini yangu mgongo umetulia na macho bado yanaliona tundu la sindano. Mimi sijambo. Mama, nimelia! Msimamizi akaniuliza kama moshi umeniingia machoni. Nikamwambia moshi gani, bwana, nina binti! Nimewanunulia soda wachomeleaji wote. Mwambie mke wangu ameniheshimisha.

Lakini damu ya nini? Niandikie upesi.

Mwanao

2 Machi

Mwanangu,

Barua hii ikukute mzima kama inavyoniacha mimi. Majibu yametoka. Nilikwenda na mkeo, na daktari alinieleza polepole kwa kuwa nilimkatiza kila mara.

Anasema kila chenye uhai, kiwe mtu, mbuzi au hata mchicha, kimejengwa kwa seli, vitu vidogo visivyoonekana kwa macho. Ndani ya seli kuna uzi mrefu mwembamba mno, unaitwa DNA. Kwenye uzi huo ndiko kuna maagizo ya kumjenga mtu, pua iweje, macho yaweje, na kila agizo linaitwa jeni. Uzi wenyewe umegawanywa na kukunjwa katika vifurushi, ndivyo kromosomu. Binadamu anazo arobaini na sita, ishirini na tatu za mama na ishirini na tatu za baba. Mjukuu wangu anazo arobaini na saba. Wanaiita hali ya Down. Atachelewa kukaa, atachelewa kutembea na kusema, misuli yake ni laini, na moyo wake utakuwa unaangaliwa. Lakini atakaa, atatembea na atasema.

Sikufichi, njiani nililia. Mkeo hakulia. Alimfunika mtoto vizuri akasema, "Twende nyumbani mama, ana njaa." Huyo ndiye mwanamke uliyemuoa, ujivunie.

Mama yako

20 Machi

Shikamoo mama,

Natumaini mko salama. Mimi hali yangu si nzuri. Barua yako nimeirudia mpaka karatasi imelegea. Mama, sikusoma sana, lakini kujumlisha najua. Zake ishirini na tatu, zangu ishirini na tatu. Hiyo ya arobaini na saba ni ya nani?

Mwaka mzima niko huku, nyumbani nimekuja mara mbili tu. Wenzangu nilipowaeleza walitazamana. Naomba mke wangu arudi kwao na mtoto wake mpaka nipate jibu.

Mwanao

28 Machi

Wewe mtoto,

Leo salamu zimenikauka mdomoni. Unajua nilivyo, barua zako nazisoma kwa sauti nyumba nzima isikie. Na hii nayo niliianza hivyohivyo, mkeo yuko jikoni anasikiliza kwa furaha. Nilipotambua ninachosoma, nilikuwa nimeshafika kwenye "ni ya nani."

Ni ya nani? Ni yenu! Nimerudi kwa daktari na swali lako, haya imenijaa usoni. Akasema kama angekuwepo mwanamume mwingine, angeleta zake zote ishirini na tatu, na wewe usingekuwa na hata moja. Hakuna mwanamume anayekuja na kromosomu moja mkononi kama jirani anayerudisha kiberiti! Yai la mama au mbegu ya baba inapotengenezwa, kila jozi ya kromosomu hutengana, moja huku, nyingine kule. Safari hii jozi ya ishirini na moja haikutengana, zote mbili zikaenda upande mmoja, ndipo mmoja wenu akatoa ishirini na nne. Hata mimi hukata kitambaa, vipande viwili vikashikana, nikadhani nimeshika kimoja. Mara nyingi hutokea kwenye yai, mara nyingine kwenye mbegu ya baba, kwa hiyo usimnyooshee mtu kidole. Hakuna aliyekosea.

Tena mtoto huyu ukimvua soksi, kidole cha pili cha mguu kimekipita kidole gumba, vilevile kama chako na cha marehemu baba yako. Au jeni hizo nazo tumeziokota sokoni?

Mkeo haendi popote. Nyumba hii ni yangu, na asiyemtaka mjukuu wangu ndiye atakayetafuta pa kwenda.

Mama yako

9 Julai

Shikamoo mama,

Sijui kama nina uso wa kuwauliza hali zenu, ila nauliza. Nimenyamaza kwa aibu, si kwa hasira. Lori la saruji likija najificha nyuma ya nguzo, dereva asiniulize kama nina barua.

Nilimpelekea daktari wa kambi maneno yako. Akasema yote ni kweli. Mama, nimemdhalilisha mke wangu, na mwanangu nikamwita "mtoto wake." Niombee msamaha. Je, mtoto anacheka? Moyo wake unaendeleaje?

Mwanao, kama bado unanihesabu

17 Julai

Mwanangu,

U hali gani? Sisi hatujambo, na moyo wa mtoto uko sawa, daktari ameridhika. Kucheka? Anacheka kwa sauti ya kuamsha majirani! Jana kajigeuza mwenyewe akalalia tumbo, nikapiga vigelegele mpaka kinyozi wa ng'ambo ya barabara akaja mbio, wembe mkononi.

Msamaha lakini siombi kwa niaba ya mtu mzima. Mkeo amesema hivi, "Heshima yangu aliivunja kwa barua, asinirudishie kwa barua. Aje mchana, ambebe mtoto barabarani, watu wote wakiona."

Mama yako

30 Agosti

Mwanangu mpendwa,

Umerudi salama huko darajani? Mgongo haukuuma kwenye basi? Huku wote wazima.

Kuna jambo hukuliona siku ile ulipokuja nyumbani. Nilipokupa mtoto pale kituoni, ulitangulia, mimi nyuma na begi lako. Ukasimama kwa muuza mkaa, ukasimama kwa fundi viatu, ukaingia mpaka duka la dawa, na hakuna aliyekuuliza kitu. Kote ulisema, "Huyu ni binti yangu. Ana kromosomu arobaini na saba. Nyie mnazo ngapi?" Nilijivuna, mwanangu, nilijivuna mpaka nikasahau begi lilivyo zito.

Karibu na nyumbani nilikuacha ukiongea, nikapitia mlango wa nyuma. Mkeo alikuwa dirishani, amelishika pazia, machozi yanamtoka. Tangu ile barua yako alikuwa hakuiti chochote ila "mwanao." Mwanao hajaandika, mwanao anataka nini. Nikajua basi, leo atakufungia mlango.

Mara akaliachia pazia, akatoka nje pekupeku, mbio, huku akiniita, "Mama, njoo uone! Mume wangu hajui kumshika, na shingo ya mtoto bado laini!"

Mama yako