Themostati Niliyokutumia

Wazo, Dar es Salaam
Jumatano, saa nne asubuhi

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini kifua kimekupa nafasi ya kulala, na goti la mama limepungua uvimbe. Mimi mwili ni mzima, nakula na kazini naenda. Ila ukiniuliza habari za moyo, nikisema nzuri nitakuwa mwongo. Naomba barua hii uisome peke yako kwanza, kisha uamue mwenyewe umsomee mama mpaka wapi.

Bakari, yule fundi umeme aliyenipokea gerejini kwake Mabibo nilipokuja toka Lindi na begi lililofungwa kamba, yuko mahabusu leo siku ya tatu. Ameitwa mwizi. Hakuiba kitu, baba. Aliyemfikisha kule ni mimi, na wewe kidogo. Usikasirike, nitaeleza.

Magari ya siku hizi siyo yale uliyonifundishia. Tangu biashara ifunguliwe, bandarini yanashuka ya mtumba kutoka Ujapani kila wiki, na mengi hayana kabureta. Huwezi kugeuza skrubu huku umetega sikio kama tulivyofanya kwenye malori ya korosho. Petroli inapimwa na kompyuta, kiboksi kidogo kilichojificha ndani ya gari. Kikiona kasoro kinawasha taa ya njano. Unaunganisha matundu mawili kwa kipande cha waya, taa inaanza kukonyeza, nawe unahesabu. Bakari ana fotokopi yenye maana ya kila hesabu, ameikunja na kuikunjua mpaka imechanika.

Hajati Mwanaidi, mama anayeuza saruji hapa Wazo, alinunua pikapu ya namna hiyo. Ilipotoka bandarini niliifanyia sevisi mimi, siku ambayo Bakari alikwenda kuzika Mbagala. Baada ya wiki chache akairudisha, inatoa moshi mweusi na kunuka petroli. Bakari akaunganisha waya. Taa ikakonyeza mara mbili, ikapumzika, ikakonyeza mara sita. Karatasi ikasema: mchanganyiko una petroli nyingi mno. Chini yake ikatajwa sensa ya ekzosi, ile inayonusa moshi na kuiarifu kompyuta.

"Sensa imekufa," Bakari akasema. "Kompyuta yenyewe imesema, sie nani tubishe?"

Tukafunga nyingine. Taa ikazimika siku mbili, ya tatu Hajati akarudi na moshi wake. Tukasafisha nozeli, tukabadilisha plagi zilizokuwa nyeusi kama masufuria ya kuni, tukafunga sensa nyingine tena. Mbili, sita. Nilifika mahali nikisikia mtu anagonga mlango, nahesabu.

Kilichommaliza Bakari ni ile sensa ya kwanza. Aliitupa kwenye boksi la vyuma chakavu, akapita fundi wa Manzese akaiomba akaijaribu kwenye gari la mteja wake. Ikafanya kazi! Kifaa alichosema kimekufa, kizima. Habari zikafika Wazo siku hiyohiyo, na Hajati akatujia moto.

"Nyie mafundi nyie! Umenitolea kifaa kizima, umenifungia takataka, changu umempa mwenzio!"

"Hajati, Wallahi, mie nimefuata taa."

"Kwa hiyo taa ndiyo imekutuma uibe?"

Watu wakajaa, askari akaitwa. Bakari alipokuwa akiondolewa alinigeukia, akaniambia, "Bwana mdogo, itafute hiyo shida, ipo humo humo. Wewe una mkono wa baba yako." Maneno hayo yananichoma mpaka sasa.

Jana niliitoa pikapu barabarani, Mabibo mpaka Wazo na kurudi. Moshi unanifuata nyuma, na sindano ya geji ya joto imelala chini kabisa. Kwa mazoea nikafurahi: angalau haichemshi. Nikarudi, nikaiacha inaunguruma juani nikaagiza chai. Sindano ikapanda polepole. Moshi ukapungua, kisha ukaisha kabisa. Chai sikuimaliza. Nilichukua boksi la sabuni, nikaziba nusu ya rejeta isipate upepo wa kuipoza, nikaenda tena njia ileile. Sindano katikati, moshi hakuna. Nikafuta kumbukumbu ya kompyuta, nikazunguka nayo tena, ndipo nikaunganisha waya. Taa ikakonyeza mfululizo bila kupumzika, na kwa karatasi ya Bakari maana yake ni salama.

Nikakaa chini kwenye oili na suruali yangu nzuri.

Themostati, baba. Kile kidude kinachoyazuia maji yasizunguke mpaka injini ipate moto. "Pwani hakuna baridi, toa tupa," ndivyo ulivyonifundisha, na kwa malori yako ilikuwa kweli. Hapa hata wateja wenyewe wanadai itolewe. Lakini gari hili likiona maji ya baridi linadhani injini ndiyo kwanza imewashwa, basi linaimwagia petroli kutwa nzima. Taa haikudanganya. Ilisema petroli imezidi, sisi tukamkamata aliyeleta habari.

Na aliyeitoa ni mimi, siku ile ya sevisi, peke yangu. Nikaifunga kwenye gazeti, nikakutumia kwa mkono wa shangazi ili iingie kwenye kopo lako la maziwa pamoja na zile ulizotoa maisha yako yote. Ukaniandikia kwamba kopo limejaa, nikacheka mwenyewe gereji nzima ikanishangaa.

Nimeitafuta nyingine maduka yote ya Gerezani. Wananicheka: "Wenzio wanatoa, wewe unatafuta?"

Sasa nikuambie lililo baya zaidi. Tunaojua ni wewe na mimi tu. Naweza kulificha lile boksi la sabuni nyuma ya grili, gari likapona, nikasifiwa. Bakari abaki mwizi. Nililiwaza hilo jana, baba, na sikuliwaza kwa dakika moja tu. Ninaona aibu kuliandika. Lakini naogopa mno. Nikisema, huenda nikakaa mimi pale alipokaa yeye, na gereji hakuna atakayenishikisha spana tena. Dawa yako ya kifua ataituma nani?

Leo asubuhi nimekuja dukani kwa Hajati niseme. Akanipokea vizuri, akaniambia, "Karibu mwanangu, wewe ndiye mwaminifu pale." Mdomo ukakataa. Nikatoka nje, nikarudi, nikasema gari linaendelea vizuri, nikatoka tena. Sasa nimekaa juu ya mifuko ya saruji mbele ya duka lake nakuandikia, na vumbi lake limeingia mpaka kwenye karatasi, utaliona.

Nakuomba ufungue kopo. Ya kwangu itakuwa juu, ndogo kuliko zote, na bado inang'aa. Mpe dereva atakayekuletea barua hii, airudishe upesi akivuka Rufiji salama. Wewe usijilaumu. Ulinifundisha gari ulilolijua.

Msalimie mama, mwambie nakula. Msalimie shangazi, hakujua alichobeba, na asiambiwe. Dada mkubwa na wanawe nawakumbuka, na mjomba fundi cherehani mwambie shati lake ndilo nililovaa leo. Mniombee wote, hata asiyejua sababu.

Unajua barua zangu zote za Lindi humpa Hajati, naye humkabidhi dereva wa lori lake la saruji. Lori linapakia hapa, saa sita linaondoka. Nimeshindwa kumwambia kwa mdomo. Bahasha hii sitaitia gundi, nami nitamwomba aisome mbele yangu kabla ya kuikabidhi. Ikikufika mikononi, baba, ujue ameisoma.

Ni mimi mwanao uliyemfundisha kazi,
Hamisi