Barua ya Kisima Imeisha, Betri Bado Iko

Byron nyakwara, mjukuu wangu,

Nimekuacha ulale tena. Uji uko kwa themosi. Kuku wafungulie.

Disketi nimeifunga kwa leso. Naenda Homa Bay wanichapie barua ya kuomba kisima cha akina mama, ifike ofisi ya maji leo, siku ya mwisho ya maombi.

Jana uliweka hiyo kompyuta yako mwendo wa juu, ule unaokula betri. Betri ikafa katikati, barua ikapotea, na hapa stima hatuna, ikabidi ukaichaji sokoni. Leo alfajiri umeiweka mwendo wa chini ukinung'unika, "Dani, hii inatambaa!" Nikakwambia iache itambae. Si imefika mpaka kwa jina langu, chini kabisa? Na betri imebaki!

~~Usiiguse.~~ Haya, cheza karata zako humo. Lakini mwendo ni ule wa chini.

Dani yako, nyanya na mwenyekiti wa akina mama