Firigisi ya Baba

Mtinko, Alhamisi

Mwanangu Theodora,

Shikamoo yako niliisikia kwenye simu. Marahaba, kama jana hukuisikia vizuri. Naandika kwa sababu tangu ning'olewe meno ya mwisho, kila nikisema neno unauliza, "Nini, baba?" Nimechoka kuulizwa.

Mvua imenyesha, alizeti imeota. Kuku wa mama yako wametotoa.

Sasa hayo meno. Wewe na kaka yako Clement mmeshaamua huko Arusha kwamba niwekewe yale ya kushikizwa kwa skrubu kwenye mfupa wa taya, eti ya kuvaa na kuvua yanateleza. Mimi mwenye taya hamkuniuliza. Daktari anasema mfupa utachukua miezi sita kushikana na skrubu ndipo meno yafungwe. Ya kuvua atanipa ndani ya wiki tatu. Najua yatateleza. Acha yateleze.

Jumapili walikuja wakwe zetu wa Unyambwa, mama yako akachinja jogoo. Firigisi ni ya baba mwenye nyumba, unajua. Aliniletea mbele yao kwenye bakuli lililofunikwa. Nilipofunua nikakuta ameitwanga kwenye kinu, laini kama chakula cha mtoto anayeachishwa ziwa. Wakwe wakatazama chini. Nilikula yote nikashukuru, ila tangu siku hiyo sijaweza kumtazama mama yako usoni.

Na wewe unaniambia nisubiri miezi sita.

Ni mimi baba yako,
Alute